Njiwa wa kigutu: kisa cha ndege mmoja wa uani, Kibokoni

Njiwa huyu alianza kuonekana uani kwa shangazi yangu, Kibokoni katika Mji wa Kale wa Mombasa, kaskazi ikikaribia kwisha na joto limejaa katikati ya kuta. Kundi la njiwa hushuka pale kila asubuhi kutoka juu ya tangi la maji, shangazi akishamaliza kupepeta mchele na kumwaga chenga sakafuni. Wenzake walitua kwa miguu. Yeye alitua kwa kifua, akapiga mabawa mara mbili kujiweka sawa, ndipo akasimama. Alipogeuka nikamwona vizuri: mguu wa kushoto haukuwa na hata kidole kimoja. Uliishia kwenye kigutu cha mviringo, kigumu, chenye rangi ya tende kavu.

Nimeamua kukiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu nyumba nyingi za mji huu zina ndege wa namna hii. Kuna njiwa wasio na vidole, tetere wenye vinundu juu ya jicho, shore wenye midomo iliyopishana. Na kila anayewaona hujiuliza lile lile: nimkamate nimtibu, au nimwache? Mimi ni mwalimu wa sayansi, na ndege wa mjini nimewatazama kwa miaka mingi. Hata hivyo kwa njiwa huyu nilianza na jibu moja nikaishia na jingine, na aliyenigeuza ni shangazi.

Siku ile ya kwanza nilishatafuta boksi la kumtilia. Shangazi alikuwa kwenye cherehani kando ya mlango, anashona dera la mteja, akanitazama juu ya miwani.

"Wamkamatia nini?"

"Mgonjwa, shangazi. Hana mguu."

"Wewe wamuona mgonjwa. Mimi namuona yuwala."

Mtoto wa binamu yangu aliyekuwa amekaa kizingitini alicheka, akaanza kuigiza jinsi njiwa anavyochechemea. Shangazi akasimamisha cherehani. "Hujafa hujaumbika," alimwambia, na sauti yake haikuwa ya mzaha. Mtoto akanyamaza. Mimi nikaliweka boksi chini, nikachukua daftari.

Siku kumi za kutazama

Kilema cha ndege kinamvuta mtu macho hata asione kingine chochote. Nilijilazimisha kuuacha ule mguu na kutazama mengine: macho, manyoya, kinyesi, anavyokula, anavyoruka, na anachofanya kundi likishtuka. Ndege aliyezidiwa hujitutumua manyoya hata mchana wa jua kali, hufumbafumba macho, na kundi likiruka yeye hubaki. Huyu macho yake yalikuwa mekundu, yamekaza. Manyoya ya shingoni yalikuwa yamelala na yanang'aa kijani na zambarau. Paka wa jirani alipotokeza juu ya ukuta, njiwa huyu alikuwa hewani sawa na wenzake.

Kula ndiko kulikonionyesha akili yake. Njiwa wakila husukumana, na asiyekuwa na mguu husukumwa akaanguka. Yeye hakuingia katikati. Alipita kando ya ukuta, pale sakafu inapokutana na chokaa, ambako chenga hujikusanya zikipeperushwa na mabawa ya wenzake. Hapo alilaza tumbo chini kidogo, akawa amekaa kwa kifua na mguu mmoja, akadonoa bila kugombana na mtu. Nilimtazama hivyo asubuhi baada ya asubuhi. Hakubadilisha njia. Alikuwa amekwisha kulitatua tatizo lake muda mrefu kabla mimi sijamwona.

Jambo la pili lilinichukua siku kadhaa kulielewa. Kwenye waya wa umeme unaopita juu ya ua hakutua hata mara moja, wala kwenye kamba ya kuanikia nguo. Alitua ukingo wa tangi, juu ya ukuta, au kwenye mwamba wa dirisha la juu. Sababu iko mguuni. Ndege anapokunja goti kukaa tawini, kano zinazopita nyuma ya mguu huvutika na kuvifunga vidole vikashika tawi. Ndiyo maana hulala juu ya mti bila kuanguka. Asiye na vidole hana cha kufunga. Kwa mnana anayening'inia kwenye kuti la mnazi, au kwa shore, hasara hiyo ni kubwa mno. Lakini njiwa wa mjini kwa asili ni ndege wa majabali. Mababu zake waliishi na kuatamia kwenye kingo za mawe, wala si matawini. Mji wa Kale, na kuta zake za matumbawe, vibaraza vyake na madirisha yake yenye vizingiti vipana, kwake ni jabali moja refu. Hapa mtu wa kigutu anaweza kuishi. Nadhani hiyo ndiyo sababu njiwa wasio na vidole tunawaona kila mahali, na ndege wa matawini wenye kilema kama hicho hatuwaoni: si kwamba hawaumii, ni kwamba hawadumu mpaka tuwaone.

Kufikia siku ya kumi nilikuwa nimekubaliana na shangazi. Kigutu cha kushoto kilikuwa kimepona zamani, hakina jeraha wala harufu, na hakuna dawa ya kukiotesha vidole. Kumfungia ndege kama huyo ndani ya boksi ni kumvunja moyo bure. Nilikuwa tayari kulifunga daftari.

Siku hiyo hiyo akatua karibu yangu kuliko siku zote, na nikauona mguu wa kulia.

Mguu wa kulia

Vidole vinne vilikuwepo: vitatu mbele, kimoja nyuma. Lakini viwili vya mbele vilikuwa vimebanwa pamoja, vimevimba kama punje za mbaazi zilizolowekwa, na cha nje kimeanza kuwa cheusi kwenye ncha. Kati ya uvimbe na mguu palikuwa na mfereji mwembamba, kana kwamba mtu amepakata kwa wembe. Nilidhani ni jeraha. Jua lilipompiga nikaona mfereji ule unang'aa.

Kabla ya kusema chanzo ni nini, nilipitia yale ambayo watu hunitajia kila nikiuliza.

Wengi husema kazaliwa hivyo. Kwa mguu wa kulia haiwezekani, kwa kuwa uvimbe ulikuwa mpya. Na kwa mguu wa kushoto, ndege anayetoka yaini bila mguu kamili huwa na ngozi laini isiyo na kovu. Kigutu hiki kilikuwa na kovu la mviringo kuzunguka mfupa.

Wengine husema ndui, ile inayowashika kuku. Ndui ya ndege ni ugonjwa wa virusi unaoenezwa sana na mbu, na hapa Mombasa mbu hatununui. Huotesha vinundu kama chunjua mahali pasipo na manyoya: miguuni, pembeni mwa mdomo, kuzunguka macho. Yule tetere niliyemtaja mwanzo ndivyo alivyokuwa, na vinundu vyake vilikauka vikaanguka vyenyewe baada ya wiki chache, kama inavyotokea mara nyingi. Wakati mwingine ndui huchukua hata kidole. Lakini njiwa wetu hakuwa na kinundu popote, na ndui haichongi mfereji mmoja ulionyooka kuzunguka vidole viwili.

Paka na panya huacha mchaniko, hawaachi mzingo.

Ulikuwa uzi. Nilichukua simu nikavuta picha karibu, na kwenye kioo uzi ukaonekana: mizunguko kadhaa iliyozama nyamani, na ncha moja iliyotoka nje kama urefu wa ukucha. Rangi yake ni zambarau. Nilimpelekea shangazi simu. Aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akageuka kutazama begani mwa kiti chake, alikokuwa ametundika dera alilolimaliza wiki iliyotangulia, la zambarau.

"Huo uzi ni wangu," alisema.

Hakushona tena siku hiyo.

Ninakieleza kipande hiki kwa sababu hapa ndipo kisa kilipobadilika. Shangazi hushona karibu na mlango wa uani ili apate mwanga, hukata ncha za nyuzi akaziachia sakafuni, na jioni hufagia akazisukuma uani pamoja na vumbi. Asubuhi humwaga chenga mahali hapo hapo. Kwa miaka na miaka tulikuwa tukiwaita ndege kwenye chakula, na chini ya chakula tumewatandikia mtego. Uzi wa pamba wa zamani ungeoza kwa mvua. Uzi wa siku hizi ni wa plastiki, hauozi na haukatiki.

Namna unavyomnasa njiwa ni rahisi kuielewa ukimtazama anavyotembea. Yeye harukiruki kama shomoro, huburuta hatua moja moja juu ya sakafu, na ncha ya uzi huingia katikati ya vidole. Akihisi kitu, hukidonoa na kukivuta kwa mdomo, na kila akivuta fundo linakaza. Mguu wa ndege hauna nyama kubwa ya kuusamehe. Ni mfupa, kano na ngozi. Damu ikizuiwa, kidole huvimba, huwa cheusi, hukauka na kuanguka. Halafu njiwa yule yule huokota nyuzi nyingine akapeleka kiotani, na makinda huzungukwa miguu kabla hayajajua kuruka.

Nilipoanza kuhesabu, niliona ukubwa wa jambo. Asubuhi moja walishuka njiwa 19, na 5 kati yao walikuwa wamepungukiwa kidole au zaidi. Nilikuwa nimewaona kila siku bila kuwaona. Na nyuzi si za shangazi peke yake. Nyuma ya ukuta kuna saluni, na wasichana wakifumua misuko hupiga nywele za bandia kwa ufagio hadi mtaroni. Watoto hurusha tiara wakati wa upepo, na nyuzi zake hubaki zimening'inia kwenye nyaya. Ukiteremka mpaka Bandari ya Kale unakuta mishipi ya nailoni imejikunja kwenye mawe.

Jambo hili si letu sisi tu. Mwaka 2019 watafiti wa Ufaransa walichapisha kazi yao juu ya njiwa wa Paris waliokatika vidole. Vilema vilielekea kuwa vingi zaidi kwenye mitaa yenye saluni nyingi za nywele, na vichache zaidi penye maeneo ya kijani. Nilipomsomea shangazi habari hiyo alisema, "Basi hata huko kwao wafagia vibaya."

Kumkamata

Swali sasa lilikuwa jingine kabisa. Kigutu cha kushoto kilikuwa jambo lililokwisha. Mguu wa kulia ulikuwa bado unaendelea, na ulikuwa ndio mguu pekee aliobaki nao. Akiupoteza, hata jabali la Mji wa Kale halingemfaa. Kwa hiyo nikarudi kwenye shauri langu la mwanzo, la kumkamata, lakini sasa nikiwa na kazi moja inayojulikana mwanzo na mwisho wake: kutoa uzi, kumwachia.

Nilikosea mara moja kabla ya hapo, na ni kosa ambalo wengi watalifanya. Nilipita kwenye duka la dawa za mifugo nikaeleza shida, nikauziwa unga wa antibiotiki wa kuku nitie kwenye maji ya ndege. Nilifika nyumbani nikaukoroga. Kabla sijaweka bakuli nje nilimpigia simu daktari wa mifugo ninayefahamiana naye, naye akanisimamisha pale pale. Yale maji wangeyanywa ndege wote wa mtaa, kila mmoja kipimo chake, wazima kwa wagonjwa, na uzi ungebaki mguuni ukikata. Nilimwaga. Alichonishauri ni kidogo: muda mfupi, mikono miepesi, usikate kidole hata kikiwa cheusi.

Tulimnasa kwa tenga. Ni mtego wa watoto wote wa pwani: tenga limeinamishwa juu ya kijiti, chenga chini yake, kamba mpaka mlangoni. Kwa kuwa yeye alikuwa na njia yake kando ya ukuta, tuliliweka tenga pale pale, na wenzake hawakujali. Nilimfunika kwa leso kuukuu ili asione. Ndege akiwa gizani hutulia. Kuna jambo moja ambalo kila anayeshika ndege lazima alijue: usimbane kifua. Ndege hana kiwambo cha pumzi kama chetu, hupumua kwa kupanua kifua chenyewe, na mkono unaokibana unaweza kumuua huku ukidhani unamtuliza. Nilimshika mabawa yakiwa yamelala ubavuni, kifua kikiwa huru. Moyo wake niliusikia kwenye vidole vyangu kama cherehani iliyokanyagwa kwa kasi.

Nilitaka kuanza na mkasi wa kucha. Shangazi akaninyang'anya.

"Lete hapa. Uzi ni kazi yangu."

Aliutia mguu kwenye bakuli la maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo mpaka magaga yakalainika. Kisha akachukua kile kidude cha kufumulia mishono, chenye ncha mbili na makali katikati, akakiingiza chini ya mzunguko wa kwanza huku nikimmulikia kwa simu. Amefumua mishono miaka 40. Alijua uzi unakwenda wapi kabla ya kuuona. Mizunguko ilikuwa saba, na kati yake nywele mbili nyeusi za kusukia. Mzunguko wa mwisho ulikuwa umegusa mfupa. Hapo alisimama, akavuta pumzi, akausukuma uzi kwa upande badala ya kuuvuta juu. Ukatoka.

Damu ilitoka tone moja. Tuliibana kwa pamba mpaka ikaacha, maana njiwa wa mjini ana uzito wa gramu 300 hivi, na damu yake yote haijazi kikombe cha kahawa. Tukapaka ayodini iliyochanganywa na maji. Kidole cheusi tulikiacha. Kazi nzima ilichukua dakika 20 au pungufu, tukamfunua juu ya ukuta. Alikaa kidogo, akajitikisa, akaruka mpaka ukingo wa tangi na kuanza kupanga manyoya. Kesho yake hakuja, na shangazi hakula vizuri. Kesho kutwa alikuja, kwa njia yake ile ile ya kando ya ukuta.

Kidole cheusi kilianguka baada ya kama wiki mbili. Cha pili kilibaki, kimepinda kidogo. Alibaki na kigutu kimoja na vidole vitatu.

Shore wa mpapai

Lazima nimtaje ndege mwingine, kwa kuwa wale walioona tumemtibu njiwa walitaka tumtibu na yeye. Kwenye mpapai unaochungulia ukuta wetu huja shore ambaye mdomo wake umepishana kama mkasi uliolegea, wa juu umekwenda kulia na wa chini kushoto. Huyu tulimwacha, na ninaamini tulifanya sawa.

Mdomo wa ndege umefunikwa na dutu ile ile ya ukucha, na hukua maisha yote. Kinachouweka kwenye urefu wake ni kutumika: kudonoa, kusugua tawini, ncha moja kusuguana na nyingine. Zikiacha kukutana, kwa ajali au kwa ugonjwa, kila moja hukimbia njia yake. Huko Alaska, tangu mwisho wa miaka ya 1990, watafiti wamekuwa wakiona ndege wengi wenye midomo iliyorefuka kupita kiasi; miongoni mwa ndege wadogo waitwao chickadee, walikadiria kwamba 6.5% ya wakubwa wana tatizo hilo, na mwaka 2016 walitangaza kirusi wanachokihusisha nalo, poecivirus. Kule ni kule. Shore wetu ni mmoja, na sijaona wa pili katika mtaa huu.

Kula hakukumshinda. Papai bivu ni laini, naye huinamisha kichwa upande akachota kwa ubavu wa mdomo. Kinachomsumbua ni usafi. Watu hudhani mdomo ni wa kulia tu, lakini ndio kitana cha ndege. Kuna jaribio lililochapishwa mwaka 2005 ambapo watafiti waliwapunguza njiwa ile ncha ndogo ya mdomo wa juu inayozidi wa chini, milimita moja au mbili tu. Walikula vizuri kama kawaida, lakini chawa wakawaongezeka vibaya, kwa sababu ncha ile ndiyo inayowaponda. Shore wetu manyoya yake ya shingoni yamekaa ovyo, yamesimamasimama. Hujitahidi kwa njia nyingine: huoga mara nyingi kuliko wenzake, na hujisugua kwenye kovu la shina la mpapai. Ukimtazama unaelewa kisa cha Bruce, kasuku wa New Zealand wa aina iitwayo kea, aliyepoteza mdomo wote wa juu. Hutumia kijiwe, akakishika kati ya ulimi na mdomo wa chini, kujipangia manyoya. Utafiti juu yake ulichapishwa mwaka 2021.

Kwa nini basi tusimkate shore ule mdomo? Kwa sababu ungeota tena upande ule ule, na tungelazimika kumkamata kila baada ya wiki kadhaa maisha yake yote. Njiwa alikuwa na uzi, uzi ukitoka shida inakwisha. Shore hana uzi. Na kumweka tunduni eti tumlishe, kwanza Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kumfuga ndege wa porini bila kibali, na pili, hajatuomba. Tulichomfanyia ni kumwachia mapapai mawili ya juu, na kuweka bakuli pana la maji. Bakuli hilo tunalisugua kila siku, maana ndege wenye vidonda wakinywa na wazima chombo kichafu kimoja, tunakuwa tumewakusanya ili waambukizane.

Kiota

Kwa muda mrefu sikujua kama njiwa wetu ni dume au jike, kwa kuwa kwa sura hawatofautiani sana. Mwezi wa sita alipotea asubuhi, akawa anaonekana kati ya saa nne na alasiri peke yake. Hiyo ndiyo ratiba ya jike anayeatamia: njiwa hupokezana, dume huketi juu ya mayai mchana, jike hulala nayo usiku kucha. Nilimfuata kwa macho mpaka kwenye tundu la hewa la nyumba ya nyuma. Mayai mawili, juu ya vijiti vichache na, kama nilivyoogopa, mkia wa uzi. Niliuondoa alipotoka.

Mayai hayo yalichukuliwa na kunguru. Kunguru huyu wa India, aliyeandikwa kuonekana Mombasa kwa mara ya kwanza mwaka 1947, ndiye adui mkubwa wa kila kiota cha mji huu kuliko paka, na mwaka 2024 serikali ilitangaza mpango wa kupunguza milioni moja kati yao. Sitauingilia mjadala huo hapa. Ila nilimwona akitoka na yai mdomoni, na jike mwenye kigutu akimfukuza, naye amebakiwa na makucha matatu tu ya kumparura. Tulipigilia kipande cha mbao kwenye lile tundu, pakabaki upenyo wa kupita njiwa na si kunguru. Alitaga tena. Mayai huchukua siku 18 hivi kuanguliwa. Kinda moja lilipona.

Sasa shangazi ana kopo la maziwa lililofungwa kwenye mguu wa cherehani, na kila ncha ya uzi inaingia humo. Kopo likijaa huzikatakata kwa mkasi mpaka nyuzi zote ziwe fupi kuliko ukucha, ndipo zitupwe. Uani panafagiliwa kabla ya chenga kumwagwa, sio baada, na panamwagiwa maji kwanza, kwa sababu vumbi la kinyesi cha njiwa si la kuvuta puani. Nilikwenda saluni nikiwa na zile nywele mbili nilizozihifadhi ndani ya karatasi. Nilidhani watanicheka. Msichana mmoja alizishika, akauliza ndege yuko wapi, akaja kumwona. Nywele zao sasa zinafungwa kwenye mfuko.

Kinda lilishuka uani kwa mara ya kwanza siku ya Ijumaa, nyuma ya mama yake, bado lina manyoya ya njano kichwani. Lilipotua ukingo wa tangi nilihesabu vidole. Shangazi, ambaye macho yake hayafiki tena mpaka kwenye tangi, aliniambia nihesabu tena. Vinane.

Zilizobaki ni nyuzi za tiara juu ya nyaya, ambazo siwezi kuzifikia. Nimekubaliana na watoto wa mtaa: atakayeniletea uzi uliokatika nitampa mpya wa urefu ule ule. Mpaka leo nimepokea vifundo 11.